Mlango wa Dereva

"Bluu," Msasa alisema peke yake, akasogeza uso karibu na bati mpaka pua ikataka kulowa.

Alikuwa amechuchumaa kando ya lori kuukuu la jeshi, kipande cha msasa mkono mmoja, kopo la maji mkono wa pili. Alisugua kwa kuzungusha, taratibu, mahali padogo kama kifuniko cha chupa, na kila alipomwagia maji duara jipya lilijitokeza ndani ya duara la zamani. Juu kabisa kijani kilichopauka. Chini yake manjano. Chini ya manjano kijani kingine, kilichokoza, kisha kahawia, halafu hii bluu. Tope la rangi zote hizo lilitiririka kwenye tairi na kudondoka sakafuni, na kwa Msasa ilikuwa kama kusikia mtu mzima akisimulia maisha yake kinyumenyume, akianza na uzee.

"Bluu imefikaje jeshini?" aliliuliza lori. "Wewe walikuazima akina nani, baba?"

"Unaongea na gari?" Sauti ya Bosi ilitoka ofisini, ambako mlango haukufungwa kamwe ili aweze kugombana na watu bila kuinuka. "Nilikwambia ulikwangue, sikukwambia ulihoji."

"Linajibu, Bosi."

"Basi liambie kesho linapigwa praima. Kama lina la kusema, liseme leo."

Cheche, fundi wa kuchomelea, alicheka ndani ya kinyago chake, na kicheko kikatoka kama kimetokea ndani ya debe.

Bosi alikuwa amelinunua lori hilo kwenye mnada ili aligeuze kuwa gari la kuvutia magari mabovu. Injini ilikuwa bado ina pumzi. Bodi ilikuwa na kutu hapa na pale, lakini chuma chake kilikuwa kile cha zamani, kinachorudisha nyundo. Kazi ya Msasa ilikuwa kuikwangua rangi yote mpaka praima mpya, ile rangi ya kwanza ya kijivu, ipate pa kushika. Kazi hiyo alikuwa ameifanya tangu alipoacha shule, na ilikuwa imemfuta alama za vidole. Alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilimkataa kidole baada ya kidole, mpaka yule kijana wa dukani akamuuliza, "Dada, una uhakika umezaliwa?" Alicheka sana siku hiyo. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Gereji nzima ilimwita Msasa, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kulisahau lile jingine.

Kasoro yake moja ilikuwa udadisi. Wenzake wa kazi hiyo hukwangua kama wanaosha masufuria. Yeye lazima asimame atazame. Kila gari lililopita mikononi mwake alitaka kujua lilikuwa la nani kabla, na kwa nini lilibadilishwa rangi, na ni nani alilipaka vibaya hivyo upande wa chini akidhani hakuna atakayeinama. Bosi alisema angekuwa tajiri kama Msasa angekuwa hana macho.

Lakini siku hiyo udadisi ulikuwa na sababu nyingine. Jana yake mwanamke mmoja wa makamo, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, alikuwa amesimama kwenye lango la gereji akilitazama lori bila kuingia.

"Karibu, Mama," Msasa alimwambia.

"Hili lina namba?"

"Kibao kilishang'olewa mnadani."

"Sio ya kwenye kibao. Ile iliyokuwa ikiandikwa mlangoni kwa brashi." Kisha akaitaja, tarakimu moja moja, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ndani ya kope zake. "Sita, moja, tatu, saba."

"Unaitafuta kwa nini?"

"Kaka yangu aliliendesha. Nikisikia mahali pameletwa lori la jeshi, huwa napita tu kuangalia." Akatabasamu kwa aibu kidogo, kama aliyekutwa akifanya utoto. "Nimeshapita gereji nyingi, mwanangu. Wewe fanya kazi yako."

Msasa alimwahidi kuangalia, na mwanamke akamwelekeza anakoshonea, nyuma ya duka la vyombo. Praima ikishapigwa, hakuna namba tena, hakuna bluu, hakuna manjano. Kila kitu kitakuwa kijivu kimoja.

Kwa hiyo mchana huo alihamia kwenye mlango wa dereva. Alibadilisha msasa, akachukua ule laini kabisa unaotumika mwishoni, na kabla ya kusugua alifumba macho akapitisha vidole. Vidole visivyo na alama vina faida yake: vinateleza, lakini vinasikia. Chini ya rangi aliusikia ukingo, mwembamba kama uzi, ukipanda, ukikunja, ukishuka. Mtu alikuwa ameandika kitu hapa kwa rangi nzito, na mwingine akapaka juu yake.

Ilimchukua muda mrefu. Ukizidisha kidogo tu unaifuta namba yenyewe, na hapo hata ulie namna gani hairudi. Namba ya kwanza kutokea haikuwa ile. Ilikuwa ya juu zaidi, nyeupe, na ilimkata maini. Akaipitia pembeni ili asiifute, akaendelea kushuka. Chini yake, ndani ya kijani kilichokoza, kikatokea kwanza kijistari kinachokata katikati ya saba. Kisha tatu, yenye kichwa bapa. Kisha moja, yenye kisigino. Na mwisho sita.

Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe, mikono imejaa tope la kijani, mpaka kwenye chumba cha mshonaji nyuma ya duka la vyombo, akasimama mlangoni akamwonyesha. Mshonaji aliitazama mikono ile. Akazima cherehani, akainuka, akasahau viatu, akarudi kuvivaa.

Gerejini alisimama mbele ya mlango wa lori kwa muda. Halafu akaweka kiganja juu ya namba, kiganja kizima, kama unavyompima mtoto homa.

"Nilimshonea mto wa kukalia," alisema. "Nikaudarizi namba hii kwa uzi mwekundu. Akasema wenzake watamcheka. Nikamwambia wacheke, wewe ukae pazuri."

Msasa alimletea ndoo, akaigeuza, akamkalisha. Ndipo akasimulia, macho yakiwa kwenye mlango. Wakati wa vita kaka yake alikuwa dereva wa kupeleka mizigo mbele. Siku moja wanajeshi wawili walikuja nyumbani. Wazazi walidhani wameleta msiba, na mama akaanza kulia kabla hawajakaa. Hawakuleta msiba. Walisema dereva ametoroka na lori la serikali, na akionekana nyumbani watoe taarifa. Wakanywa maji, wakaondoka.

"Toka siku hiyo nyumba yetu ikaitwa kwa mtoro. Mtu akielekezwa njia anaambiwa, ukifika kwa mtoro kata kushoto. Mama alikufa akiwa haamini. Baba alikufa akiwa anaamini. Mimi nimebaki katikati."

"Lakini si hili hapa, Mama?" Msasa alikuwa amejawa na furaha mpaka maneno yakawa yanakanyagana. "Gari lilirudi. Lilipakwa rangi upya, likaendelea kufanya kazi jeshini miaka na miaka. Angelitorosha, lingerudije? Hakutoroka. Gari lenyewe linasema."

Mshonaji aliuvua utepe shingoni, akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena. Usoni mwake kitu kilikuwa kinajaribu kulegea, kama fundo lililokaa sana.

"Msasa," Cheche aliita kutoka mbele ya lori. "Njoo nikuonyeshe kitu. Halafu usinikasirikie."

Alikuwa ameinua kinyago na kuinama kwenye bawaba za mlango. Alionyesha kwa ncha ya bisibisi. Upande wa abiria bawaba zilikuwa zimekaa kwenye matundu yake ya kiwandani. Upande huu matundu yalikuwa yametobolewa upya, na ya zamani yamezibwa kwa kuchomelewa. Kazi safi, ya mtu anayejua, lakini kazi ya baadaye.

"Huu mlango umepandikizwa," alisema. Alijitahidi kunong'ona, lakini mtu aliyezoea kelele za mashine hajui kunong'ona.

Msasa alihisi masikio yakiwaka moto. Yeye, ambaye wiki iliyopita tu alikuwa amepaka rangi mlango wa teksi nyeupe ukawekwa kwenye teksi ya kijani. Yeye, anayejua kuliko mtu yeyote kwamba mlango huhama. Na kibaya zaidi, alikuwa ameona. Bodi ilikuwa na rangi tano. Mlango ulikuwa na tatu tu, bila manjano wala bluu. Alikuwa ameona kwa macho yake mwenyewe, akajiambia ni jua, ni kiwiko cha dereva, akaendelea. Aliitaka sana ile namba.

Alirudi mbele ya ndoo, akachuchumaa ili macho yao yalingane.

"Mama, nimekosea. Mlango huu ulitoka kwenye gari jingine. Namba ni ya mlango, sio ya lori hili."

"Kwa hiyo gari la kaka halikurudi."

"Sijui. Nimekupa habari kabla sijamaliza kuitazama. Nisamehe."

Msasa alitegemea mshonaji ainuke aende zake, kama alivyokwenda zake kutoka gereji zote zile nyingine. Badala yake aliuangalia mlango kwa jicho la kazi, lile ambalo bila shaka aliangalia nalo nguo ya mteja iliyoshonwa na mtu mwingine.

"Lakini mlango wenyewe ni wa gari lake?"

"Huo ndio."

"Basi uliwafikiaje wanajeshi mikononi?"

Bosi alikuwa ameshatoka ofisini, jambo lisilo la kawaida, na alikuwa amesimama nyuma yao akijikuna kidevu.

"Jeshini wanafanya kama sisi," alisema mwishowe. "Gari moja likifa linalisha mengine. Lakini ili ung'oe mlango, lazima gari uwe nalo. Hewani hauning'inii."

Msasa aliurudia mlango. Sasa hakutafuta namba, alitafuta mtu. Alizitazama zote mbili, ile ya zamani na ile nyeupe iliyoandikwa juu yake baadaye, mlango ulipopata gari jipya. Katika zote mbili, moja ilikuwa na kisigino kidogo kilichoelekea kulia. Tatu ilikuwa na kichwa bapa. Kile kijistari cha saba kiliinuka mwishoni, kidogo sana, kama mtu anayemaliza sentensi akiwa na furaha. Mkono ulikuwa mmoja. Aliyeliandikia namba lori la kaka ndiye aliyeufunika mlango wake, kisha akauandika upya.

Na mkono huo aliufahamu. Aliufahamu vizuri sana, akashindwa kujua kutoka wapi, mpaka alipoacha kuufikiria na kuanza kuwaza anunue nini jioni. Hapo akaona mbele yake meza ya muuza vitunguu sokoni, na ubavuni mwa meza, kwa rangi nyeusi, namba yenye kisigino.

"Mama," alisema, "umechoka?"

"Nimechoka zamani. Twende."

Soko lilikuwa bado limechangamka. Walipita kati ya meza, Msasa akizisoma ubavuni kama mtu aliyepotelewa na kitu, na kila moja, tatu na saba ilikuwa ya mkono ule ule. Muuza vitunguu aliwatazama wawili hao, mmoja wa kijani mpaka kwenye viwiko, mwingine amekaza midomo.

"Mnanunua au mnakagua?"

"Namba hizi nani aliziandika?"

"Kwani mnataka kumshitaki? Ni Mzee Brashi. Anakaa nyuma ya mashine ya kusagia, mlango wenye maua. Lakini kama mna kazi ya kumpa mmechelewa."

Mlango wenye maua ulikuwa umechorwa maua hayo kwa mkono, jani kwa jani. Mzee aliwafungulia mwenyewe. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo, na amevaa shati lililopigwa pasi. Alipoona rangi mikononi mwa Msasa alicheka kabla ya salamu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, marahaba. Kama ni kibao cha duka, nimeacha. Tazameni." Aliinyoosha mikono mbele yao, nayo ikatikisika kama majani. "Hii imestaafu kabla yangu."

"Sio kibao," Msasa alisema. "Mimi nakwangua magari. Leo nimekuta namba yako chini ya rangi. Sita moja tatu saba."

Kicheko kilitoka usoni mwa mzee taratibu, kama maji yanavyotoka kwenye beseni.

"Mlango wa dereva," alisema.

Msasa hakuwa ametaja mlango. Alimtupia jicho mshonaji, akaona naye amesikia.

Mzee aliwaingiza ndani, akawapa kiti kimoja na kitanda. Alimtazama mwanamke yule wa makamo kwa muda. "Na wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Yule mdogo. Wa mto."

"Nilikuwa mdogo," mshonaji alisema. "Sasa mimi ni mkubwa kwake."

Mzee alitikisa kichwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono akaibana kati ya magoti ili itulie.

"Tulimcheka kweli kwa ule mto," alisema. "Halafu kila mtu akataka wake." Akaitazama mikono yake. "Gari lilipatikana, mama. Baada ya masika. Mvua zilikuwa zimekata njia, hakuna aliyeweza kufika huko kabla. Mimi kazi yangu ilikuwa brashi tu, lakini gari la kuvuta lilikosa watu wa kusukuma, wakanipakia na mimi. Tukalikuta njiani, porini, ekseli imekatika. Halikuwa limefichwa. Lilikuwa limesimama pembeni kabisa, limenyooka, kama limeegeshwa mbele ya ofisi."

"Na yeye?"

"Yeye hakuwepo."

Cherehani ya jirani ilisikika ikikimbia, ikasimama, ikakimbia tena. Mshonaji aligeuza kichwa kidogo kuelekea sauti hiyo, kwa mazoea, kisha akamrudia mzee.

"Sema uliyoyaona. Yote. Usinichagulie."

"Breki ya mkono ilikuwa juu. Magurudumu yamewekewa mawe, mbele na nyuma, mawe makubwa, ya kubebwa kutoka mtoni. Mzigo ulikuwa mablanketi. Turubai limefungwa, kamba zimekazwa, hakuna hata blanketi moja lililoguswa. Na matawi." Mzee aliitoa mikono kati ya magoti, akaanza kuonyesha hewani. "Unajua dereva gari likimharibikia hukata matawi akayalaza barabarani, ili anayekuja nyuma asiligonge. Yalikuwa yamekauka, yamebaki vijiti, lakini bado yamepangika. Nyuma ya gari, moja, kisha hatua kadhaa, jingine. Kazi ya mtu mwenye subira. Kwenye njia ambayo haikuwa na gari jingine lolote, mama. Alikuwa anamhurumia dereva ambaye hata hakuwepo."

Msasa aliona mshonaji anashika ukingo wa kiti.

"Mtu anayetoroka hakati matawi," mzee alisema.

"Hapana," mshonaji alisema kwa sauti ndogo. "Hakati."

"Na mbele ya gari yalikuwepo pia. Hayo yalinishangaza. Nyuma yalikuwa mafupi, karibu karibu. Mbele yaliendelea. Tulitembea tukiyafuata, mimi na mwenzangu mmoja, mpaka kilima, na kilimani lilikuwepo jingine. Yalikuwa yanakwenda kule mbele, kambini, walikokuwa wanayasubiri mablanketi. Hayakurudi nyumbani. Nadhani alikuwa anaacha alama ili akirudi na msaada alione gari lake hata gizani. Baada ya kilima njia ilikuwa imechukuliwa na maji. Tukarudi."

Kisha Msasa, ambaye alikuwa amejikaza asiulize, akauliza. "Mbona watu wa kwao hawakuambiwa?"

"Nilisema. Nilisema mezani, tukila. Walisikiliza, wakala. Nikamwendea mkubwa mmoja, akaniambia taarifa ya utoro imeshakwenda juu, na taarifa ikishakwenda juu haina gia ya kurudi nyuma. Mimi nilikuwa mtu wa brashi." Alisema hivyo bila kujitetea, kama anavyotaja urefu wake. "Lori tulipolivuta lilipinda, likawa la vipuri. Mlango ulikuwa mzima. Nikaagizwa niikwangue namba kabla ya kupaka. Nikaenda stoo, msasa umekwisha. Nikapaka juu yake hivyo hivyo."

Alimgeukia Msasa, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kuongea akatabasamu. "Ungekuwepo wewe, namba isingekuwepo."

Walipofika kwenye kona ya duka la vyombo, njiani kurudi, mshonaji alisimama.

"Sijui alifia wapi," alisema. "Hilo bado silijui."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini najua alikuwa anaelekea upande gani." Akaitazama barabara, mbele na nyuma, kama mtu anayetaka kuvuka. "Kesho mnalipaka?"

"Kesho."

"Haya, mwanangu. Kapumzike."

Asubuhi Msasa aliingia ofisini kwa Bosi kabla hajavua hata koti. Alikuwa amepanga maneno usiku, marefu, yenye adabu, na yote yakamtoroka.

"Bosi, naomba ule mlango."

"Mlango upi?"

"Unaujua."

Bosi aliweka kikombe chini. "Gari la kuvuta magari, halina mlango. Dereva akikata kona anabaki barabarani, abiria anaendelea na safari. Ndiyo biashara unayonipangia?"

"Kuna ule wa lori la mchanga lililopinduka," Cheche alisema kutoka nje. Ilionekana alikuwa amesimama hapo muda mrefu. "Haulingani, lakini nitauchongea bawaba. Matundu si yapo? Tayari walishatoboa."

"Nyinyi wawili mtanifilisi." Bosi aliinuka, akafungua droo, akapekua mpaka akapata spana aliyoitaka. Alitoka nayo bila kumwangalia yeyote, akaenda mpaka kwenye lori, akaanza kulegeza nati za bawaba yeye mwenyewe, jambo ambalo wafanyakazi wake hawakumbuki kuliona. Nati moja ilikuwa imeshika. Aliipiga mafuta, akasubiri, akaijaribu tena polepole. "Mshikilieni chini," alisema. "Asije akaanguka."

Cheche alimtazama Msasa. Hakuna aliyemsahihisha.

Waliubeba watu wawili, Msasa mbele na Cheche nyuma, na mshonaji, ambaye Msasa alikuwa amemfuata, akatangulia akifungua njia. Mlango ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana. Watu walisimama pembeni ya barabara kuwapisha. Muuza vyombo alitoa kichwa dukani.

"Mama, unajenga?"

"Hapana. Ni wa kaka yangu." Akalitaja jina lake. Alilitaja wazi, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara, na muuza vyombo akarudia jina hilo ili ahakikishe amelisikia vizuri, na mshonaji akaitika, "Huyo huyo. Dereva."

Chumbani walihamisha gunia la vitambaa, wakauegemeza mlango karibu na cherehani, mbele ya dirisha linalotazama barabara. Cheche alisema una uzito wa mtu mzima, akaaga. Msasa alibaki akifuta alama za vidole vya Cheche kwenye bati kwa pindo la shati. Namba ilikuwa pale, ndani ya duara lake la rangi tatu, haijafunikwa.

Mshonaji alikuwa amegundua kile kishikio kidogo cha ndani. Alikizungusha. Kikakwaruza, kikatoa mchanga, halafu kutoka tumboni mwa mlango kioo kikaanza kupanda, kimechafuka, kinasitasita. Kilifika nusu, kikakwama.

"Nitaleta grisi," Msasa alisema. "Nikikisafisha kitapanda chote."

"Kiache hapo hapo," mshonaji alisema. "Kuna joto. Upepo uingie."

Akakaa kwenye cherehani, akaokota nguo aliyoiacha jana, akapanga pindo. Nje watu walikuwa wakipita. Chini, nyuma ya kioo cha vumbi, ilionekana miguu yao tu, imefifia. Juu, kwenye ile nusu iliyo wazi, zilionekana nyuso. Mshonaji alianza kukanyaga, na kila uso ulipotokea upande mmoja wa dirisha lile alipunguza mwendo kidogo, akautazama mpaka upite.